Injini ya pikapu imechoka: nifanye overholi, nitafute nyingine au niuze tu?

Shikamoo mzee fundi,

Nimekuwa nasoma unavyojibu wenzangu nikasema na mi nilete la kwangu maana yamenifika shingoni.

Nina pikapu ya mwaka 1998, dizeli, silinda nne, haina tabo, gia za mkono. Niliinunua ikiwa imeshatumika na nina miaka 11 nayo saivi, inabeba mbao, saruji, mchanga, vyombo vya watu wanaohama, yaani kila kitu nilichonacho kimetoka mgongoni mwa hiyo gari. Kilomita sijui, maana kihesabio kilikufa kikiwa 412,000 na hiyo ni zamani.

Tatizo lilianza hivi. Kama miezi mitano iliyopita nilikuwa na mzigo napanda mlima mrefu, mpira wa rejeta ukapasuka bila mi kujua. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa nikajua kuko poa, nikaja kushtuka mvuke unatoka kwenye boneti na gari haina nguvu. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikafunga mpira na kipande cha tyubu, nikajaza maji nikaondoka zangu, nikafika.

Tangu siku hiyo haijawahi kuwa sawa. Maji yanapungua kama lita moja kila baada ya siku mbili tatu na chini hakuna hata tone. Asubuhi inawaka kwa shida, mpaka betri inaanza kuchoka ndo inashika, afu inatoa moshi mweupe mzito dakika kama tano hivi unaondoka. Oili inakunywa, kabla ya hapo nilikuwa naongeza kidogo tu katikati ya sevisi ila saivi naongeza lita kila baada ya kilomita kama 700. Nikifungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma kuna moshi unapuliza puliza. Na wiki iliyopita kimeongezeka kingine, taa nyekundu ya oili inachezacheza nikisimama na injini ikiwa ya moto, nikikanyaga mafuta inazima. Oili yenyewe ni nyeusi kawaida, haijawa kama maziwa. Mlio wa kugonga sijausikia.

Sasa fundi wa kwanza aliisikiliza akasema injini imekufa hiyo, tafuta nyingine, na bahati nzuri anayo moja imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Fundi wa pili akasema hapana, tunabadilisha ringi na gasketi, siku mbili unaichukua. Shemeji yangu yeye anasema niuze hivohivo ilivyo, nikope, nichukue mpya mpya kidogo. Mke wangu hajasema nifanye nini, ila kaniuliza swali moja, hiyo gari inatulisha au sisi ndo tunailisha?

Bodi ina kutu milangoni na kwenye sakafu ya nyuma. Chesisi sijaikagua. Gia boksi nzima ila gia ya pili inakwaruza asubuhi. Nifanye lipi mzee? Na je naweza kuendelea kuipiga kazi taratibu huku natafuta hela?

Mwenye pikapu

*

Marahaba mwanangu,

Naanza na swali lako la mwisho maana ndo lenye haraka. Hapana, usiipige kazi hata taratibu. Paki. Ile taa ya oili ndo imenifanya nikujibu wewe mapema kuliko wengine, kwa sababu maji kupungua na moshi ni mambo ambayo injini inaweza kuvumilia kwa muda, lakini oili ikikosa presha krenki (ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) na beringi zake zinasagana chuma kwa chuma na hapo injini ambayo ingetengenezeka inageuka skrepa kwa safari moja tu. Mlio wa kugonga ukishaanza kuusikia mara nyingi krenki imeshaumia. Leo una maamuzi matatu mkononi, ukiendelea kupakia mchanga utabaki na moja au hakuna.

La pili, na hili ndo kubwa kuliko yote ntakayosema. Watu wako watatu wote wamekupa hukumu na hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Mmoja kasikiliza, mmoja kakisia, shemeji sidhani hata kama kafungua boneti. Injini haihukumiwi kwa sikio bana. Kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), presha ya oili na mfumo wa maji ni kazi ya nusu siku na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na lolote kati ya hayo matatu unayoambiwa.

Afu ngoja nikuambie kuhusu huo mshale wa joto uliolala chini. Geji inaweza kuwa mbovu ni kweli, lakini hata nzima ingekudanganya siku ile, kwa sababu sensa inapima maji, maji yakiisha inabaki imekaa hewani na mshale unashuka wakati hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, inaungua. Kwa hiyo mshale ukianguka ghafla mlimani na una mzigo, simama.

Mi nikisoma barua yako naona magonjwa mawili yamekaa kwenye mwili mmoja, na mafundi wako kila mmoja kaona moja. Kuna ugonjwa wa ajali: hedi ilipata moto, ama imepinda ama imepasuka ama gasketi inayoziba chini yake imeungua, ndo maana maji yanaondoka bila tone chini, yanaingia kwenye silinda yanatokea ekzosi. Afu kuna ugonjwa wa uzee: ringi (zile pete za pistoni) na silinda zimelika, ndo hiyo kupuliza kwenye kifuniko cha oili, na beringi nazo huenda zimelika, ndo taa kuchezacheza oili ikiwa nyepesi. Swali ni huo uzee ulikuwepo kiasi gani kabla ya mlima. Umesema ulikuwa unaongeza oili kidogo tu, hiyo ni habari njema nusu, maana ina maana injini ilikuwa inazeeka kwa heshima, ila joto kali linalegeza ringi na kukwaruza pistoni kwa hiyo inawezekana siku moja ile imekuzeesha miaka mitano.

Moshi mweupe wa asubuhi nao usiuhukumu haraka. Ukiwa unachoma macho na una harufu ya dizeli, hiyo ni dizeli ambayo haijaungua, na hapo huenda hita plagi (vile vipasha silinda vya kuwashia dizeli) mbili tatu zimekufa tu, kitu cha bei ndogo kabisa kwenye barua yako yote. Ukiwa na harufu tamutamu na unatumia kulanti (yale maji maalum ya rejeta), hayo ni maji ya rejeta. Hita plagi zipime na mita kabla hujaacha watu wakufungulie injini kwa ajili ya gari kuwaka kwa shida.

Sasa vipimo. Kompresheni kwenye dizeli za namna yako injini ikiwa nzima inasoma karibu na baa 30 (baa ni kipimo cha presha), na vitabu vingi vinaweka kikomo cha chini karibu na 20, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 5. Namba kamili iko kwenye kitabu cha injini yako, tafuta hiyo. Betri iwe na chaji kamili, injini iwe na joto, hita plagi zote zitolewe, la sivo unapima uchovu wa betri. Silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini na zingine ziko juu, hiyo ni gasketi karibu mia kwa mia. Zote nne zikiwa chini kwa kulingana, huo ni uzee. Na fundi akitaka kumwaga oili kwenye silinda ili aone kama kompresheni inapanda, mwambie hiyo ni mbinu ya petroli. Kwenye dizeli nafasi juu ya pistoni ni ndogo mno, oili kidogo tu inapandisha namba hata kama ringi zimekwisha, utadanganyika. Kwenye dizeli apulize hewa ya kompresa kwenye silinda wakati valvu zimefunga afu asikilize inatokea wapi. Ikitoka kwenye ekzosi au njia ya hewa ni valvu, ikitoka kwenye kifuniko cha oili ni ringi, ukiona mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa.

Presha ya oili ipimwe kwa geji ya mkono inayofungwa pale penye swichi ya taa ya oili, usiamini taa. Swichi zinakufa, nimeona mtu kabadilisha pampu ya oili kumbe ni swichi. Injini ikiwa ya moto wengi wetu tunatumia hesabu ya karibu baa 0.7 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, kwa hiyo kwenye 3000 ukiona imezidi 2 kidogo unapumua. Ukiona iko chini ya hapo na oili ni ya kiwango sahihi, beringi au pampu zimelika. Afu mwage oili kwenye karai safi, ipitishie sumaku na uiangalie juani. Vumbi jeusi kidogo kwenye sumaku ni kawaida ya gari la umri huo. Vipande vinavyong'aa ambavyo sumaku haivitaki hizo ni beringi.

Kabla ya hayo yote lakini, na nilitaka kuanza nalo nikaona utaniona naruka swali, lala chini ya gari na nyundo ndogo. Chesisi. Gonga kote, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia na pale inapopinda juu ya ekseli, sehemu zinazohifadhi tope. Ikilia ting ting ni chuma, ikilia kama boksi la karatasi au nyundo ikizama, basi hii barua yote imeisha hapo na shemeji ameshinda bila kujua kwa nini. Kutu ya milango sio kitu, sakafu ya nyuma inachomelewa. Chesisi iliyooza kwenye gari la kubeba mzigo siwezi kukushauri uiwekee hata fan belti mpya.

Tuseme chesisi ni nzima. Sasa twende kwa mafundi wako.

Huyu wa ringi na gasketi siku mbili ndo ananitisha kuliko wote. Ringi mpya ni duara kamili, silinda ya gari lililotembea kilomita zaidi ya laki nne sio duara tena, imelika kama yai. Ukiweka ringi duara kwenye tundu la yai zinagusa sehemu tu, miezi michache unarudi kwenye kunywa oili na hela ya gasketi umeshaila. Kuna kipimo cha kienyeji, hedi ikishatoka pitisha kucha kwenye ukuta wa silinda kutoka chini kwenda juu, karibu na mdomo kabisa kucha ikinasa kwenye kijingazi basi silinda imeshalika, inataka kuchongwa au kuvikwa silivu (ganda la ndani) mpya. Hakuna kijingazi na kompresheni ilikuwa inakaribia sawa? Basi hapo ringi zake zinaweza kufaa, ila hedi bado lazima iende mashine ipimwe unyoofu na ipigwe presha kutafuta nyufa, hasa katikati ya valvu. Kupinda kwa sehemu ya kumi ya milimita tu, unene wa karatasi ya daftari, kunatosha kula gasketi mpya. Na ziko dizeli ambazo kitabu kinakataza kusaga hedi kabisa kwa sababu ikipungua unene valvu zinasogelea pistoni. Kwa hiyo siku mbili aliyokuambia ni siku mbili za kufunga tu, hajahesabu kupima.

Huyu mwenye injini tayari simwiti mwongo. Injini ya mtumba ina mantiki moja kubwa, gari linarudi barabarani upesi, na kwa mtu anayekula kwa hilo gari siku za kukaa ni hela. Ila fikiria unachonunua. Injini yako unajua historia yake yote mpaka mlima ule, hiyo yake unajua hadithi moja tu, kwamba gari liligongwa nyuma. Mwambie aiwashe uione inashika ikiwa ya baridi, sio ameshaipasha moto kabla hujafika, afu akubali ipimwe kompresheni mbele yako kwa namba zilezile. Akisita, ushapata jibu. Hakikisha ni kodi (alama ya aina) ileile ya injini, maana zinazofanana kwa macho zinaweza kutofautiana pampu, mabano, hata mahali kichujio cha oili kinapokaa, na ukishaanza kuchomelea mabano ile bei rahisi inakimbia. Kabla haijaingia kwenye gari badilisha sili ya nyuma ya krenki, taimingi belti kama inatumia belti, pampu ya maji, na klachi iangaliwe, maana hivyo vyote vikiwa nje ni dakika, vikiwa ndani ni siku nzima. Na namba ya injini kwa kawaida iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo dai karatasi za ilikotoka na ukairekodi upya, usije ukasimamishwa ukaambiwa unaendesha kitu cha wizi.

Kingine, kwenye hili nina aibu yangu. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja injini nzuri kabisa, niliipima mwenyewe, ikanguruma kama cherehani. Wiki ya tatu akarudi inagonga. Injini yake ya zamani ilikuwa imesaga beringi na mi nikarudisha kile kipoza oili cha zamani bila kukibadilisha, vichembe vyote vilivyokuwa vimejificha mle vikaingia kwenye injini mpya. Nililipa mimi. Kwa hiyo kipoza oili kama unacho, kibadilishe, usisikie mtu anasema atakiosha na petroli. Rejeta nayo isafishwe au ibadilishwe, maana rejeta iliyoziba ndo itakuua injini hata uweke ipi.

Mimi kwa barua yako, bila kuiona gari, naegemea overholi kamili, yaani kuifungua yote na kuitengeneza upya, ya injini yako mwenyewe, kwa masharti mawili. Krenki iwe inachongeka na bloki isiwe na ufa. Krenki inachongwa kwa hatua, milimita 0.25, 0.50 na kuendelea, na beringi zinanunuliwa kwa saizi hiyo, ikishafika mwisho wa hatua au imepinda basi. Sharti likivunjika moja, acha kabisa, nenda kwa injini ya mtumba iliyopimwa, maana bloki na krenki kwa pamoja vinakula hela yote ya faida. Na tafadhali, usinunue seti ya pistoni kabla wachongaji hawajapima silinda. Kila mwaka namwona mtu kanunua pistoni saizi ya kawaida kwa sababu zilikuwa ofa, bloki ikaenda mashine ikatoka 0.50, pistoni zinakaa chini ya kitanda mpaka leo. Kwanza kupima, afu ndo pistoni za saizi iliyopatikana, afu kuchonga, na mchongaji mpelekee pistoni mkononi achonge kwa kuzifuata.

Ikishafungwa usiiwashe kavu. Oili izungushwe kwanza mpaka geji ionyeshe presha. Kilomita 1000 za mwanzo usipakie mzito, ila pia usiiache inanguruma pale nyumbani masaa ukidhani ndo unaitunza, ringi zinahitaji mzigo kiasi ili zikae kwenye silinda. Panda shuka mwendo. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kwenye kilomita 500 hivi, utaona yenyewe ilivyojaa vumbi la chuma.

Sasa shemeji. Hesabu yake ina kosa moja, analinganisha gharama ya injini na bei ya pikapu yako ikiuzwa leo, na ukifanya hivo gari kuukuu yoyote inaonekana haifai hata kubadilishiwa tairi. We linganisha gharama ya injini na bei ya gari lingine lenye uwezo wa kubeba uleule, uongeze na riba ya mkopo, na uongeze yale usiyoyajua ndani ya hilo gari jipya kwako, maana nalo lina gia boksi, difu na rejeta za mtu mwingine. Ila shemeji hajakosea kila kitu. Kama chesisi imechoka, au ukijumlisha injini, gia boksi hiyo inayokwaruza, springi na tairi ukakuta unakaribia nusu ya bei ya gari bora zaidi, mi mwenyewe ningeuza. Kuiuza hivohivo ukasema ukweli kwamba injini ina tatizo sio aibu, wapo wanaotafuta bodi na gia boksi tu.

Gia ya pili inayokwaruza asubuhi tu ikipata joto inaacha, hiyo mara nyingi ni singi (ile pete inayolainisha gia kuingia) imelika, inaweza kusubiri. Badilisha oili ya gia uone. Lakini kama injini itashuka, klachi utaibadilisha tu kwa hiyo gia boksi itakuwa chini, mwambie fundi aichungulie, sio lazima aifungue.

Kuhusu swali la mama, lijibu kwa daftari. Andika mwaka mmoja uliopita pikapu imeingiza ngapi na imekula ngapi, dizeli, oili, tairi, mafundi, na siku ilizolala. Usikisie, kaa naye muandike wote wawili, yeye atakumbuka matengenezo uliyoyasahau. Hiyo ndo itakuambia dari yako, kiasi ambacho hutavuka hata fundi akikupigia simu katikati akasema tumekuta na kitu kingine, na wao huwa wanakuta kitu kingine, mi nilikuwa nakuta kila siku.

Ukishapima niandikie namba nne za kompresheni, presha ya oili ya moto, na nyundo ilivyolia kwenye chesisi, tutaongea tena. Na hiyo geji ya joto na kihesabio cha kilomita, vyovyote utakavyoamua, vitengenezwe siku hiyohiyo injini inapoingia.